Kitabu cha kushona kwa mkono na boksi la sabuni: vipimo, nyuzi za karatasi, gundi na yanayoharibika

Chapa_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi ya kumalizia mwaka wa mwisho wa usanifu ina sehemu mbili, zote za mkono:

1. Kitabu cha A5, kurasa 128, picha za khanga na maelezo. Kishonwe kwa uzi, jalada gumu lililovikwa khanga, pamoja na ala ya kukichomeka. Nakala tatu.
2. Boksi la sabuni ya mwani. Kipande cha sabuni ni milimita 90 × 60 × 25. Sampuli kumi zitakazosimama rafuni bila kuvimba.

Vifaa vilivyopo: karatasi A4 ya gramu 100, kadi A4 ya gramu 300, printa ya leza ya steshenari, gundi nyeupe ya maseremala, rula ya chuma na kisu. Ninachouliza: kitabu kishonwe kwa mtindo gani, jalada likatwe vipimo gani, khanga ishikishwe vipi bila gundi kupenya juu, na kwa nini rangi ya leza hupasuka kwenye mikunjo ya boksi. Anzeni na lolote.

Msharasi

Mkuu, weka sindano pembeni kwanza, tuanze na nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake zimelala upande mmoja kufuata mwendo wa mashine. Ikilowa inatanuka sana kwa upande unaokatiza nyuzi, na kidogo mno kwa upande unaozifuata. Kwenye kitabu, nyuzi ziende sambamba na mgongo: karatasi za ndani, bodi za jalada, karatasi zinazobandikwa ndani ya jalada, vyote bila kubagua. Zikikatiza mgongo, gundi ikigusa tu unapata mawimbi kichwani na mguuni mwa kitabu, na uzito wowote hauyanyooshi. Kurasa nazo zinakataa kulala kitabu kikifunguliwa.

Kupima ni rahisi. Pinda karatasi kwa mikono miwili bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande inakopinda kwa wepesi, mstari wa pindo lile unafuata nyuzi. Ukibaki na shaka, chana kipande: mchano unaofuata nyuzi unanyooka, unaozikatiza unakwenda kombo.

Tatizo lako ni hili. A4 nyingi za madukani nyuzi zake zinafuata zile milimita 297. Ukiikunja kupata A5, mkunjo unakatiza nyuzi, yaani kinyume kabisa na tunachotaka. Nunua A3 ambayo nyuzi zinafuata milimita 420, kata katikati. Unapata A4 mbili ambazo nyuzi zinafuata milimita 210, na ukizikunja zinaangukia sambamba na mgongo. Kitabu kimoja kinakula A4 32, nakala tatu ni 96, kwa hiyo A3 ni 48. Chukua 60, kwa sababu printa itaharibu baadhi.

karani_wa_gilotini

Nyongeza kwa Msharasi. Ukikata kwanza halafu ukachapa, A4 ya nyuzi fupi, yaani zinazofuata upande mfupi, hujikunja ikipita kwenye joto la leza na inakwama. Kama steshenari wana printa ya A3, panga kurasa kwenye A3 nzima, chapa pande zote mbili, kata katikati baadaye.

Upangaji wa kurasa: kurasa 128 ni mafungu 8, kila fungu karatasi 4, kurasa 16. Fungu la kwanza linakaa hivi:

Karatasi ya nje: mbele 16 na 1, nyuma 2 na 15.
Ya pili: mbele 14 na 3, nyuma 4 na 13.
Ya tatu: mbele 12 na 5, nyuma 6 na 11.
Ya katikati: mbele 10 na 7, nyuma 8 na 9.

Jumla ya kila jozi ni 17. Fungu la pili (17 hadi 32) kila jozi ni 49, la tatu 81, unaongeza 32 kila fungu. Jozi isipotoa jumla hiyo, kuna ukurasa umekaa vibaya, na ni afadhali uuone kwenye skrini kuliko baada ya kushona. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, ile amri ya kuchapa kijitabu itakupangia kurasa zote 128 kama fungu moja nene usipoizuia. Iambie masafa: 1-16, halafu 17-32, mpaka mwisho, kila fungu peke yake. Na unapochapa A4 iliyolala pande mbili, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi, la sivyo nyuma inatoka juu chini.

Jambo moja la usanifu: leza ya kawaida hailenganishi mbele na nyuma sawasawa, milimita moja hadi mbili inahama. Usiweke fremu nyembamba kuzunguka ukurasa. Kila mtu ataona imeinama.

Chapa_Mbili

Nimeelewa, asanteni. Na kushona? Mgongo wazi ule wa mnyororo unavutia, sema sijui kama unakubali jalada la khanga.

Msharasi

Unakubali, kwa namna nyingine. Mshono wa mnyororo ni wa Wakopti wa Misri, na Ethiopia vitabu vya kanisa vimeshonwa hivyo karne nyingi, fungu linashikwa na fungu lenzake moja kwa moja, bila utepe, na majalada ni ubao mtupu. Kitabu kinafunguka bapa kabisa, jambo zuri kwa picha zinazovuka kurasa mbili. Lakini mgongo hauna kitu cha kuukinga, na khanga yako itavika bodi mbili tu, mgongo ukibaki uchi. Ukitaka khanga izunguke kitabu kizima na kitabu kiingie kwenye ala bila uzi kukwaruzwa, shona juu ya utepe.

Vipimo vya matundu kwa mgongo wa milimita 210, kutoka kichwani: 12, 55, 70, 140, 155, 198. Matundu sita. La kwanza na la mwisho ni ya fundo la kuunganisha mafungu. Kati ya 55 na 70 unapita utepe wa kwanza, kati ya 140 na 155 wa pili. Utepe wa pamba wa upana wa milimita 13 unatosha, wauza vifaa vya mafundi cherehani wanao.

Toboa mafungu yote kwa kiolezo kimoja cha kadi kilichokunjwa na kuwekwa ndani ya mkunjo. Tumia msharasi mwembamba wa fundi viatu au sindano nene iliyochomekwa kwenye kizibo. Tundu liwe dogo kiasi cha sindano kupita kwa kubana. Tundu kubwa hulegeza mshono na gundi ya mgongo hupenya hadi ndani ya kurasa.

Uzi: kitani ndio bora, milimita 0.5 hadi 0.6. Ukikosa, uzi wa polyester wa fundi viatu unafaa, ila chagua mwembamba. Hesabu yake ni hii: kila fungu linaongeza unene wa uzi mmoja mgongoni. Mafungu 8 kwa uzi wa 0.5 ni milimita 4 kabla ya kubana. Ukibana sehemu kubwa inazama kwenye karatasi, unabaki na moja hadi mbili. Kwa uzi wa 0.8 utabaki na mgongo mnene na mbele nyembamba, kitabu umbo la kabari, na jalada halitafunga.

Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu. Nta inauzuia kujisokota na inafanya fundo lishike. Kata kama mita moja kwa mara, uunganishe kwa fundo ndani ya fungu. Kila ukivuta uzi, vuta kufuata urefu wa mgongo. Ukivuta kuelekea kwako unachana tundu, na fungu lililochanika halitengenezeki, ni kulichapa upya.

Bi_Pindo

Fungu la kwanza na la mwisho ndiyo yanayobeba mzigo wa jalada. Kabla ya kushona, yavike nje kipande cha shashi au karatasi nyembamba ngumu cha upana wa sentimita 2 kwenye mkunjo.

Kona45

Jalada. Tuchukulie mwili wa kitabu ni 148 × 210, unene milimita 9 baada ya kubanwa (majani 64 ya gramu 100 ni kama 8, uzi umeongeza moja). Bodi ya kijivu milimita 2.

Bodi mbili: urefu 216, yaani 210 jumlisha 3 juu na 3 chini. Upana 145, yaani mwili ukitoa 3.
Ukanda wa mgongo: urefu 216, upana 13, yaani unene wa mwili 9 jumlisha bodi mbili.
Nafasi ya bawaba kati ya ukanda na kila bodi: 7.
Khanga: urefu 256, upana 357. Hapo kuna milimita 20 za kukunjia ndani kila upande.

Bawaba ndiyo inayowashinda wengi. Ukiweka 4 au 5 badala ya 7, jalada linapofunguka linavuta karatasi ya ndani na kuichana mgongoni. Ukiweka 10, jalada linacheza na kitabu kinaning'inia ndani yake. Kwa bodi ya milimita 3, ongeza bawaba iwe 8 au 9.

Kona: kata khanga kwa pembe ya nyuzi 45, ukiacha umbali wa mara moja na nusu ya unene wa bodi kutoka kwenye ncha, hapa ni milimita 3. Ukikata karibu zaidi bodi inachungulia. Ukikata mbali unapata kidonge kwenye kona. Kunja juu na chini kwanza, bonyeza kitambaa kwenye ncha kwa kucha, ndipo ukunje pembeni.

karani_wa_gilotini

Hesabu nzuri, ila ni za kitabu ambacho hakijakatwa kingo. Kitabu cha maonyesho kipunguzwe pande tatu kwa gilotini (mashine ya kukatia karatasi) baada ya gundi ya mgongo kukauka na kabla ya jalada. Ukitoa milimita 3 kila upande unabaki na 145 × 204. Hapo bodi ni 142 × 210, ukanda 13 × 210, khanga 250 × 351. Na hata hizo usizikate leo. Shona, bana, kata kingo, halafu pima kitabu chenyewe kwa rula. Nakala tatu zinaweza kutofautiana unene kwa milimita nzima.

Ukipeleka gilotini mwambie fundi mgongo umevimba. Kibano kikishuka juu ya kitabu chenye mgongo mnene kinakamata mgongo tu, mbele kunabaki huru, na kisu kinasogeza karatasi. Ukingo unatoka mshazari. Dawa yake ni vipande vya kadi vilivyopangwa ngazi upande wa mbele mpaka kibano kikae sawa. Fundi akikataa kuviweka, tafuta fundi mwingine.

Chapa_Mbili

Sawa, hapo nabadilisha mpango: kushona kwanza, bodi baadaye. Sasa khanga. Gundi ya maseremala inapenya na kuacha madoa yanayong'aa juu.

Bi_Pindo

Itapenya tu, maana khanga ni pamba nyepesi. Lazima iwekewe karatasi mgongoni kabla haijaona bodi. Fanya hivi:

Fua kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, kitenge kina wake, na vyote vinaikataa gundi. Jaribu rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Nyekundu na nyeusi ndizo husumbua. Ikichuja sana tafuta khanga nyingine. Utaambiwa uiloweke kwenye maji ya chumvi, lakini chumvi haifungi rangi ambayo kiwanda kimeshindwa kuifunga.

Piga pasi. Ilaze kwenye kioo au meza ya fomaika, uso chini, irushie maji kidogo, inyooshe mpaka nyuzi zake ziwe mraba. Hapa usikimbilie. Mistari ya pindo ikilala kombo utaiona milele kwenye ukingo wa jalada.

Paka uji wa ngano kwenye karatasi nyembamba, siyo kwenye khanga. Subiri dakika moja mbili karatasi itanuke, ilaze juu ya mgongo wa khanga, sugua kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda nje. Acha ikauke hapo hapo kwa siku nzima, kisha ibandue. Sasa una kitambaa cha jalada kinachokatika kwa kisu bila kutoa nyuzi.

Uji: unga mweupe wa ngano kipimo 1, maji 5. Koroga unga na sehemu ya maji baridi mpaka mabonge yaishe, chuja, mimina maji yaliyobaki, pika moto mdogo dakika 10 hadi 15 bila kuacha kukoroga, mpaka ung'ae. Upoe kabisa kabla ya kutumia. Wanga wa muhogo nao ni mzuri, tena ni mwangavu zaidi. Unga wa sembe achana nao, chembe zake ni nene.

Wenye haraka hutumia kile kitambaa cha gundi cha mafundi cherehani kinachoshikishwa kwa pasi. Kinafanya kazi, lakini kwenye kona na kwenye bawaba huweza kuachia baada ya muda.

nta_na_karafuu

Bi_Pindo, kwa sisi wa pwani uji unaota ukungu kabla ya kukauka, hasa masika. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye uji uliopoa yanasaidia. Mrututu usiutumie hata kama umesoma kwamba mafundi wa zamani walitia. Ni sumu, na kitabu kitashikwa na watu.

Pia uji unaliwa na mende. Kwa bodi na mgongo tumia gundi nyeupe, au changanya nusu kwa nusu na uji. Mchanganyiko unakupa muda wa kusogeza kitambaa kabla hakijashika. Gundi nyeupe tupu kwenye joto la Dar au Mombasa inashika kabla hujamaliza kupaka upande wa pili.

Kona45

Chapa_Mbili, usisahau jina la khanga. Pindo la kingoni, mji wa katikati na jina, yaani maandishi, ni sehemu tatu tofauti na jalada lako lina milimita 311 tu likifunuliwa. Mara nyingi jina ni refu kuliko hapo. Kata kiolezo cha karatasi chenye dirisha la ukubwa wa jalada, kitembeze juu ya khanga, uone kinachobaki. Methali iliyokatwa katikati inaweza kusema kitu kingine kabisa, na anayesoma Kiswahili atakuwa wa kwanza kucheka. Bora pindo lipite mgongoni na mji ukae mbele, au jina zima likae ndani, kwenye karatasi ya kufungulia.

Khanga moja ina upana wa kama mita moja na nusu, na ni jozi, kwa hiyo nakala tatu zenye mji unaofanana zinawezekana ukipanga kabla ya mkasi.

Bi_Pindo

Nakubaliana, isipokuwa pindo mgongoni. Pindo lina michoro mizito inayojirudia, na ukanda wa milimita 13 utaonyesha kipande chake kisichoeleweka. Mimi ningeacha mgongo uwe kitambaa cha rangi moja, khanga ikavika bodi tu. Bawaba nayo inadumu zaidi kwa kitambaa kigumu.

Kona45

Hilo ni suala la jicho, ila la bawaba umenishinda.

FundiKatoni

Nimeona habari za kitabu zimeenea, nije kwenye boksi. Sabuni 90 × 60 × 25, ndani ya boksi toa nafasi ya milimita 2 kwa kila kipimo: 92 × 62 × 27. Mchoro bapa, kutoka kushoto: uso 62, ubavu 27, uso wa nyuma 62, ubavu wa mwisho 26.5, bawa la gundi 12. Jumla 189.5. Ubavu wa mwisho umepungua nusu milimita kwa sababu bawa lake linaingia ndani ya uso wa kwanza. Ukiulinganisha na wenzake boksi linafungwa likiwa limejipinda.

Urefu: mwili 92. Juu na chini kila upande kifuniko 27 na ulimi 14, jumla 41. Kwa hiyo 92 + 82 = 174. Masikio ya pembeni yawe mafupi kuliko nusu ya uso, weka 25, na yapunguze milimita 1 upande wa mkunjo ili yasigombane na kifuniko. Ulimi uzungushe kona zake. Bawa la gundi likate mshazari kwa pembe ya nyuzi 15 juu na chini.

189.5 × 174 inaingia kwenye A4 moja. Lakini iweke ile 189.5 ifuate upande wa 297. Kadi yako kama ni ya nyuzi ndefu, nyuzi zitazunguka boksi, zikikatiza mikunjo minne ya kusimama. Hivyo ndivyo boksi halivimbi tumbo.

mwanafunzi_wa_pili

FundiKatoni samahani, hapo juu Msharasi amesema nyuzi zifuate mkunjo. Wewe unasema zikatize. Tumfuate nani?

FundiKatoni

Wote wawili, kila mtu na kazi yake. Kitabu kinataka jani lipinde kwa wepesi na kinapakwa gundi ya maji, ndiyo maana nyuzi zinafuata mgongo. Boksi linataka uso usipinde. Kadi ni ngumu zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzikatiza, mara nyingi karibu mara mbili. Ukisimamisha nyuzi kwenda juu, upana wa uso unashikwa na upande dhaifu wa kadi, sabuni ikisukuma kidogo tumbo linatoka. Ukizilaza zizunguke, upande mgumu ndio unaoshika kutoka kona hadi kona.

Gharama yake ni kwamba mikunjo minne inakatiza nyuzi, na mkunjo wa namna hiyo hupasuka usipobonyezwa vizuri. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kubonyeza. Kwa katoni ya mawimbi ni habari nyingine: mawimbi yasimame wima, maana ndiyo nguzo zinazobeba boksi la juu yake.

Msharasi

Sahihi. Nilikuwa nazungumzia kitabu tu. Na ala ya kitabu nayo inafuata kanuni ya kitabu, kwa sababu ni bodi iliyovikwa kwa gundi ya maji.

FundiKatoni

Sasa kubonyeza. Kadi ya gramu 300 ina unene wa kama milimita 0.4. Tengeneza mfereji: bandika vipande viwili vya kadi hiyo hiyo juu ya bodi, sambamba, ukiacha pengo la milimita 1.3. Weka kadi yako juu, upande uliochapwa ukitazama juu, mstari wa mkunjo juu ya pengo. Pitisha kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino, kwa rula, mara mbili. Nyuma ya kadi kutainuka kigongo chembamba.

Halafu kunja ukiutenga ule mfereji, kigongo kikiingia ndani ya boksi. Wengi wanakunja kinyume, wakidhani mfereji ni wa kukunjia ndani. Ukikunja kinyume unavuta uso uliochapwa na unapasuka. Kazi ya kigongo ni kuzitenganisha tabaka za kadi ndani ili uso wa nje usivutwe.

Usichane nusu kwa kisu badala ya kubonyeza. Boksi linanyooka vizuri kwa siku moja na linakatika ukilifungua mara chache.

karani_wa_gilotini

Na tona. Wino wa leza ni unga ulioyeyushwa juu ya karatasi, haukuzama ndani. Eneo lililojaa rangi nzito likivuka mkunjo litaonyesha mstari mweupe hata ukibonyeza vizuri, hasa kama kadi ni nyeupe ndani. Njia tatu: acha mikunjo bila rangi, milimita moja kila upande, uifanye sehemu ya muundo. Au tumia rangi hafifu au ya mistari badala ya kujaza. Au chapa kwa skrini, wavu wa nyuzi 77 kwa sentimita unatosha kwa kadi. Kwenye kadi ya kahawia leza haina rangi nyeupe, kila kitu kinazama na njano inapotea. Hapo skrini na wino mweupe ndiyo jibu.

nta_na_karafuu

Sabuni yenyewe msiisahau. Mafuta yake yanapenya kadi na kuacha doa la duara mbele kabisa kwenye nembo. Ifunge kwanza kwa karatasi ya nta. Na isiwekwe bado mbichi: sabuni ya kutengenezwa bila kupikwa inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukauka, inapoteza maji na kusinyaa. Pima kipande kilichokwisha kukauka, la sivyo boksi linakuwa kubwa na sabuni inagonga ndani.

Kona45

Msimbo wa mistari: ule wa tarakimu 13 ukubwa wa kawaida ni 37.29 × 25.93 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na unaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, kama 30 × 21. Unaingia vizuri kwenye uso wa nyuma wa 62. Mistari iwe nyeusi kwenye nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa sababu mashine inatumia mwanga mwekundu na inaiona kama nyeupe. Tanzania namba zinaanza na 620, Kenya 616, ila hizo zinaonyesha shirika lililotoa namba tu, bidhaa inaweza kuwa imetoka popote. Kwa sampuli ya shule usinakili msimbo wa bidhaa halisi, na nembo ya TBS au KEBS usiweke kabisa, hutolewa kwa leseni.

Chapa_Mbili

Hii ya nembo ilikuwa tayari kwenye mchoro, naitoa. Imebaki ala ya kitabu.

Msharasi

Chukua vipimo vya kitabu kilichokwisha. Kwa namba za karani, nje kitakuwa na urefu 210, upana kama 151, unene kama 14. Ndani ya ala: urefu 212, unene 16, kina 151, ili mgongo ulale sawa na mdomo wa ala.

Kwa bodi ya milimita 2: pande mbili za 216 × 153. Vipande vya juu na chini, 16 × 153 kila kimoja. Kipande cha nyuma 16 × 212. Vipande vyembamba vinasimama katikati ya pande mbili, na cha nyuma kinakaa kati ya cha juu na cha chini. Bandika karatasi ya ndani kwenye bodi zikiwa bado bapa, ukiacha milimita 2 bila karatasi kwenye kingo zitakazogusana, kwa sababu bodi kwa bodi ndiyo inashika. Baada ya kuungana huwezi tena kupeleka mkono ndani. Kata nusu duara ya kipenyo cha milimita 20 mdomoni kwa ajili ya kidole kabla ya kuunganisha.

Karatasi ya ndani iwe laini. Khanga ndani ya ala inasugua khanga ya jalada na zote mbili zinachakaa.

mwanafunzi_wa_pili

Kuna mbadala wa ala? Tatu ni kazi nyingi.

Bi_Pindo

Ulimi. Majalada ya kale ya Kiislamu yana ulimi unaotoka jalada la nyuma, unazunguka ukingo wa mbele na kuchomekwa chini ya jalada la mbele. Huku kwetu Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na mafundi wa misahafu na ngozi karne ya 18 na 19, kwa hiyo ni rejea ya pwani hii hii. Kwa kitabu chako ongeza ukanda wa bodi wa upana wa 9, sawa na unene wa mwili, kisha bodi ya ulimi ya kama 60 yenye ncha katikati, na bawaba ya 5 kila upande. Majalada hayo hayazidi mwili wa kitabu, kwa hiyo bodi zikatwe sawasawa na karatasi, bila zile 3 za juu na chini.

Chapa_Mbili

Nakala moja ya ulimi, mbili za ala. Swali la mwisho: bodi zikijikunja kwenda nje baada ya kuvikwa?

nta_na_karafuu

Kwenda nje ni kawaida mwanzoni, kitambaa kikikauka kinavuta. Karatasi ya ndani inayobandikwa baadaye ndiyo inayorudisha, mradi nyuzi zake zinafuata mgongo kama bodi. Ikibaki nje baada ya hapo, karatasi ya ndani ilikuwa nyembamba mno. Bandika nyingine juu yake. Ikijikunja kwenda ndani, ulipaka uji mwingi mno. Ukibandika, weka nailoni kati ya karatasi ya ndani na kurasa ili unyevu usihamie kwenye kitabu, funga, weka ubao na matofali mawili. Masaa 24 kiangazi, 48 masika, na badilisha nailoni katikati kwa sababu inakusanya maji.

karani_wa_gilotini

Na wembe. Bodi ya milimita 2 ipite mara sita hadi nane kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza upite mara mbili, wembe unainama na ukingo unatoka mshazari, kisha ala haikai mraba. Vunja ncha ya wembe kila baada ya bodi nne. Kioo kinaua wembe haraka, weka kadi nene chini.

Chapa_Mbili

Naanza na kitabu kimoja cha karatasi tupu, cha vipimo vile vile, na boksi moja bila rangi. Picha nitaziweka hapa.

FundiKatoni

Boksi tupu lijaribu na sabuni ndani, lisimamishe wiki. Gundi ya bawa ikiachia, paka kidogo zaidi kwenye ncha za juu na chini, huko ndiko kunakoanzia.